Sura ya Nne: Mpira Uliokatwa kwa Upole

Sisimizi walikuwa wamerudi. Jana jioni Sajenti Felisiani aliwapangusa kwa kitambaa, akaiweka miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, akaondoka akiamini kazi imekwisha. Asubuhi hii ya Ijumaa walikuwa wamepita kwenye pazia la dirisha. Mstari wao ulishuka kwenye pazia, ukakata meza, ukaishia kwenye kipande cha mpira kilichofungwa karatasi yenye maneno Kielelezo B.

Pembeni yake kulikuwa na Kielelezo A, kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa hatua mbili. Hicho sisimizi walikipita tu. Sime kuukuu yenye mpini wa ngozi nyekundu, Kielelezo C, waliizunguka. Walichotaka ni ncha moja ya mpira, ile iliyokatwa.

Felisiani aliketi, akafanya ishara ya msalaba, akasali kwa ufupi kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya kufungua jalada: "Bwana, nisimwonee mtu leo." Kisha akafungua jalada.

Mambo yalikuwa machache. Jumatatu mtu alikwenda kwenye tangi la maji la kijiji cha Gidabaso, chini ya msitu wa Ngorongoro. Tangi lile lilikuwa na njia mbili za maji: bomba la plastiki lililokwenda kwenye bomba la wananchi, na mpira mrefu uliokwenda kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Mtu huyo alikata vyote viwili. Jumanne alfajiri tangi lilikuwa tupu. Sime ilikutwa kwenye nyasi, na kila mtu kijijini aliijua kuwa ni ya Metui, mfugaji mwenye boma upande wa pili wa mpaka wa hifadhi. Metui alikamatwa mchana huohuo, akakiri kabla hajaulizwa mara ya pili.

Ulikuwa mwaka 1983, na kesi ya mtu aliyekata bomba la umma haikuwa na jina jingine zaidi ya uhujumu uchumi. Haikuwa na dhamana. Gari la kumpeleka Arusha lingeondoka saa nane mchana.

Inspekta Clemensi, mkuu wa kituo, alisimama mlangoni akiwa na kikombe cha chai.

"Bado unacheza na wadudu?"

"Afande, tazama hapa." Felisiani aliinua Kielelezo A. "Plastiki imepasuka. Ukingo una meno. Jana nilipiga plastiki ya namna hii kwa sime, ikapasuka hivihivi. Hapo nakubali. Lakini mpira huu umekatwa laini. Nimejaribu kwa sime mara sita. Ukipiga, mpira unaruka. Ukikandamiza, unashika sime katikati, na ukingo unakuwa na mawimbi. Huu hauna wimbi hata moja."

"Kwa hiyo plastiki alikata Metui, mpira akakata malaika."

"Sijui nani, Afande. Na kuna hii damu." Ncha ya plastiki ilikuwa na doa jeusi la damu iliyokauka, na juu ya doa kulikuwa na uchafu wa kijani uliogandama kama uji.

"Alijikata. Plastiki ina meno, umesema mwenyewe."

"Nimemkagua mikono. Hana hata mkwaruzo."

Inspekta alikunywa chai. "Felisiani, mtu amekiri. Mzee Hhando, mwenyekiti wa kamati ya maji, anakuja saa saba kutia sahihi malalamiko yake. Baada ya hapo mimi na wewe hatuna kazi na mpira."

*

Metui alitolewa mahabusu akaketishwa kwenye benchi. Alikuwa mtu mrefu, mtulivu, aliyejibu maswali huku akitazama ukuta.

"Ulianza kukata kipi?" Felisiani aliuliza.

"Vyote."

"Mtu hakati vyote kwa pamoja."

"Nilianza mpira."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na hasira na kamati."

"Mapigo mangapi?"

"Moja. Mimi nina nguvu."

Felisiani alimpa kipande cha mpira wa majaribio. "Uushike. Ni mzito, siyo? Huo nimeupiga kwa sime yako hiyohiyo na haukukatika. Mimi pia si mgonjwa."

Metui aliugeuzageuza mpira, akaurudisha mezani. "Wewe ni polisi. Hujazoea sime."

"Ulipaka nini kabla ya kukata?"

Kwa mara ya kwanza Metui aliacha kutazama ukuta. "Kupaka?"

"Kwenye mpira. Ulipaka nini?"

"Mpira unapakwa?"

Wakatazamana. Felisiani aliona kwamba Metui hakuwa anaficha jibu. Alikuwa analitafuta, kama yeye.

"Andika unavyotaka, Sajenti," Metui alisema hatimaye. "Gari linaondoka saa ngapi?"

"Una haraka ya kwenda gerezani?"

"Kama ni kwenda, niende leo."

Felisiani alimrudisha mahabusu akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoanza. Katika miaka kumi na mmoja ya kazi, alikuwa ameona watu waliokana walichofanya. Huyu alikiri jambo ambalo hakujua lilifanywaje.

*

Alikifunga Kielelezo B ndani ya gazeti akaenda sokoni. Raphaeli alikuwa mahali pake pa kila siku, amekaa juu ya gurudumu la lori, anatengeneza katambuga, viatu vya matairi. Kisu chake kilikuwa kirefu na chembamba kwa kunolewa miaka mingi, na kando ya goti lake kulikuwa na kopo la maji.

"Sajenti, viatu vya serikali vimekuchoka. Nikupimie?"

"Nipimie macho kwanza. Tazama hiki."

Raphaeli aliupokea mpira, akapuliza sisimizi wawili waliobaki. "Umekuja na mifugo yako."

"Mtu anakataje mpira ukawa laini hivi?"

"Kwa maji. Mpira mkavu unauma kisu." Alichovya kisu kwenye kopo, akaukunja ukanda wa tairi ili sehemu ya kukatwa ivutike, akavuta kisu mara moja. Kipande kilianguka bila sauti. "Maji, ukunje, uvute. Usisukume. Anayesukuma anapata mawimbi."

"Kwa hiyo ni kisu kama chako."

"Hapana." Raphaeli alipitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka ncha ya mpira. "Kisu kirefu kinapita moja kwa moja. Hapa kuna ngazi, weka ukucha wako. Unaisikia? Aliyekata alianzia hapa, akazunguka mpira polepole, aliporudi alipoanzia mstari ukapishana kidogo. Hiyo ni blade fupi. Wembe, nadhani. Na si maji aliyotumia. Maji yanakauka yakaisha. Hii inateleza bado."

"Sabuni?"

"Sabuni ya nani? Duka la kijiji halijaona sabuni tangu Pasaka." Alinusa. "Mafuta ya namna fulani. Isingekuwa Ijumaa ya kufunga ningeonja."

"Wewe unapokata, unakata laini hivi kila mahali?"

"Niwe na wazimu? Soli nakata ovyo, inakanyaga mawe. Laini nakata kamba za juu, zinazolala kwenye ngozi. Ukiacha meno pale, mteja anakurudia na vidonda." Alimrudishia mpira. "Huyu alikuwa na mteja wa ngozi laini."

Felisiani alisimama palepale akiutazama mpira. Wahujumu wa magazetini hawakuwa na shughuli ya kulainisha ukingo.

"Kuna mtu amewahi kukuuliza namna ya kukata mpira?"

"Mmoja. Martini, mlinzi wa tangi la Gidabaso. Mwezi uliopita. Aliketi hapo ulipo wewe, akauliza hivyohivyo."

*

Aliporudi kituoni ilikuwa saa sita na nusu. Martini alikuwa ameshafika pamoja na Mzee Hhando. Mzee alikaa ndani, fimbo katikati ya magoti, anamsubiri Inspekta. Martini alikuwa nje ukutani, mtu mfupi mwenye mfuko wa vyombo begani. Hatua chache kutoka kwake, chini kwenye nyasi, Naisenya, mke wa Metui, alikaa na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa hapo tangu Jumatano. Kila alipokaribia kaunta aliambiwa wageni wa mahabusu wangoje nje, naye aliketi akangoja.

Felisiani alimwita Martini pembeni.

"Mwezi uliopita ulimuuliza Raphaeli namna ya kukata mpira. Kwa nini?"

"Kiungo kilikuwa kinavuja. Nilitaka kukata ncha upya ili ukae vizuri."

"Ukakata?"

"Nilijaribu."

"Fungua mfuko."

Martini alitoa vyombo kimoja kimoja: spana, mkasi wa kupogolea kahawa, ukanda wa mpira wa baiskeli wa kufungia viungo, na msumeno wa chuma uliobakiwa na nusu ya meno. Wembe haukuwamo.

"Ulitumia kipi?"

"Mkasi ulibana mpira ukawa bapa kama ulimi. Nikashika msumeno."

Felisiani alimpa kipande cha majaribio. Martini alikata. Msumeno ulikwaruza, unga mweusi ukamwagika, na ukingo ukabaki na manyoya kama blanketi kuukuu. Kumsingizia mtu huyu ukingo laini wa Kielelezo B kungekuwa dhambi.

"Raphaeli hakukuambia utumie maji?"

"Aliniambia. Nilisahau." Martini alipangusa msumeno. "Sajenti, mimi kinachoniuma si mpira. Ni yale matusi."

"Matusi gani?"

"Kupakwa mavi. Yule mtu alikata, halafu akasokota mavi ya ng'ombe na nyasi akaziba nazo. Njia zote mbili, ya bomba na ya mpira. Maji yalipoyasukuma usiku yakatapakaa hadi kwenye kibanda changu."

"Hilo halimo kwenye maelezo yako."

"Nililisema. Inspekta akasema matusi hayaandikwi."

Felisiani alikwenda nyuma ya kituo, akasimama karibu na pipa la maji ya mvua, akavua kofia.

"Bwana," alisema kwa sauti ndogo, "mtu anakata tangi la kijiji kizima, halafu analiziba. Anapasua plastiki kama mlevi, halafu anakata mpira kama anamnyoa mtoto. Mimi sielewi. Kama mimi ni mjinga, nionyeshe ujinga wangu uko wapi, maana saa nane inakaribia."

Alivaa kofia, akarudi mbele.

Mtoto wa Naisenya alikuwa ameshushwa mapajani. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, na nywele zilizoanza kuota hazikuwa na zaidi ya siku nne au tano. Ulikuwa unyoaji safi, hakuna kovu wala mkwaruzo. Kibuyu cha maziwa kilikuwa kando ya goti la mama. Tone lilikuwa limedondoka kwenye jani, na kutoka kwenye jani hadi ukutani mwa kituo ulikwenda mstari wa sisimizi.

Felisiani aliufuata mstari ule kwa macho. Kisha akachuchumaa, mbali kidogo kama inavyostahili.

"Takwenya, mama," alimsalimu kwa Kimasai.

"Iko."

"Umemnyoa mtoto vizuri. Sabuni umepata wapi?"

Naisenya alitikisa kichwa. "Sabuni hakuna. Sisi tunanyoa na maziwa na maji."

Sajenti aliutazama tena mstari wa sisimizi. Alifikiri juu ya uchafu wa kijani kwenye plastiki yenye meno, uliogandama kama uji, na damu isiyokuwa ya mkono wa mtu. Kwao Mbulu, alipokuwa mdogo, alikuwa ameona uchafu wa namna ile. Ulitoka tumboni mwa ng'ombe aliyevimba kwa hewa.

"Ng'ombe wangapi walivimba?" aliuliza.

Mwanamke alimtazama moja kwa moja. Hakuonekana kushtuka. Alionekana kama mtu aliyekaa siku tatu kwenye foleni, na sasa ameitwa.

"Watatu. Waliingia shamba la ngwara, yale maharage, bado yana umande. Baba wa huyu mtoto alikwenda Endulen kumwona kaka yake mgonjwa. Nilikuwa mimi peke yangu."

"Bwana mifugo amewahi kuwafundisha?"

"Ndiyo. Mpira unapita kooni, hewa inatoka. Nikachukua sime ya zamani nyumbani, nikakata plastiki. Ni ngumu, inaingia haraka, nilifikiri hivyo. Nikaweka kwa wa kwanza, ikamchana, damu ikatoka. Nikaitupa. Nikarudi na wembe na maziwa. Mpira nikaukata kama kichwa cha mtoto, pole, pole. Huo haukuchana."

"Na ukaziba."

"Maji yalikuwa yanaondoka. Si yangu, yale maji."

"Mumeo alirudi lini?"

"Jumanne asubuhi. Nikamwambia. Akasema nyamaza, una mtoto ananyonya, huko hakuna dhamana. Mchana wakamchukua."

"Mpira uko wapi sasa?"

Naisenya alifungua shuka la juu. Mpira ulikuwa umezungushwa kiunoni mwake mara mbili, umeoshwa, ukingo wake unang'aa.

"Nimeleta Jumatano," alisema. "Waliniambia ningoje nje."

*

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini Felisiani alipoingia ofisini kwa Inspekta akiwa na Naisenya nyuma yake. Mzee Hhando alikuwa na kalamu mkononi. Metui alikuwa ameshatolewa mahabusu, pingu mikononi, na alipomwona mke wake alisema neno moja kali kwa Kimasai.

Felisiani hakueleza kwanza. Aliweka Kielelezo B mezani, akachukua ncha ya mpira wa Naisenya, akazungusha polepole hadi ngazi ya huku ikaingia kwenye ngazi ya kule. Akaachia. Ulionekana mpira mmoja, na mstari mwembamba kama unywele.

Inspekta Clemensi aliinama kutazama. Alipitisha ukucha, kama Raphaeli.

"Nani kakata?"

"Mimi," alisema Metui.

"Wewe nyamaza, wewe hujui hata kilichopakwa," alisema Felisiani, kisha akasimulia kwa mpangilio: ngwara, plastiki, damu, wembe, maziwa, mavi. Alisema na la Endulen, ambalo lingeweza kuthibitishwa kwa siku moja.

Inspekta alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaketi kwa uzito.

"Umefanya kazi nzuri, na umeniharibia mchana. Tangi limekwisha maji, siku nne watu wanachota mtoni. Kisheria umenibadilishia jina tu. Badala ya huyu, apande huyu na mtoto wake?"

Metui alianza kusimama. Askari akamshika bega.

"Ng'ombe walipona?" Inspekta aliuliza, kana kwamba hilo lingesaidia.

"Wawili walipona," Naisenya alisema. "Mmoja alikufa. Yule niliyemchana."

"Yule mwekundu mwenye baka shavuni?" aliuliza Mzee Hhando.

Mzee mwenyewe alionekana kusikia maneno yake yakiwa yameshatoka. Naisenya alitazama chini. Metui alitazama ukuta. Ilikuwa wazi kwamba wote wawili wangekaa hivyo hadi jioni bila kufungua mdomo.

"Mzee," Inspekta alisema polepole, "ng'ombe wa Metui unawajua kwa mabaka?"

Hhando aliiweka kalamu chini. Alipangusa uso kwa kiganja, mara mbili.

"Si wa Metui. Ni wangu." Akaendelea akimtazama Felisiani kwa sababu wote wawili walitoka Mbulu. "Sajenti, wewe unajua tulivyo. Mtu haweki ng'ombe wote nyumbani kwake. Anampa rafiki amtunzie, mbali, wala hasemi, hata mwanawe hajui. Ukimpa mtu, anafunga mdomo. Nilimpa Metui mtamba miaka mitano iliyopita. Kijiji kinadhani nina ng'ombe wawili."

"Na sasa kituo kizima kinajua," alisema Inspekta.

"Sasa kinajua." Alimgeukia Naisenya, na sauti yake ikapungua. "Yupo?"

"Yupo, mzee. Ni mmoja wa wale wawili. Jumatano nilimwacha anakula vizuri. Ana mimba."

Mzee Hhando alitikisa kichwa mara kadhaa. Aliitazama karatasi ya malalamiko, yenye jina lake limeandikwa vizuri na nafasi tupu chini yake. Kisha akamrudishia Inspekta kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye mlalamikaji, na sina lalamiko. Martini yuko nje na vyombo. Mpira huu utarudi mahali pake jioni. Bomba la plastiki kamati itaomba jingine, na huyu Metui atachimba mtaro wa kulizika ili siku nyingine sime isilifikie. Nikirudi nitaitisha mkutano. Nitasema mbele ya watu ng'ombe alikuwa wa nani, maana maji yalikuwa ya wote."

"Watakusema, mzee."

"Waache waseme."

Nje, dereva wa Land Rover alipiga honi. Kisha akaja mwenyewe mlangoni, funguo mkononi, akatazama watu waliojaa ofisini na mpira uliolala mezani.

"Afande, saa nane. Nani anapanda?"

Inspekta Clemensi alimtazama Metui, akamtazama mwanamke, akamtazama mtoto aliyekuwa amelala usingizi. Alivuta droo, akatoa ufunguo wa pingu, akausukuma juu ya meza kuelekea kwa Felisiani.

"Nenda hivyohivyo," alimwambia dereva. "Gari halijazuiwa kwenda tupu."